Piga, sikiliza, rudi upige tena: shajara ya mradi wetu wa kukosoana picha, Mtwara

Juni, tumeanza

Haya jamani, mradi umeanza rasmi na ntakuwa naandika kila tukisogea ili hata mliopo Masasi, Nachingwea na Lindi mjini muweze kufuatilia. Wazo lenyewe halina makuu: kila mpiga picha analeta picha moja tu, ile anayoijali, wenzake wanaitazama kwa utulivu na kusema wanachoona, alafu mwenyewe anarudi palepale alipopigia, anapiga upya, analeta ya pili tunaziweka mbili pamoja. Msimu wa korosho ukiiva tunaprinti jozi zote tunazibandika kwenye kibaraza cha studio ya Mzee hapa Majengo, majirani waje watazame.

Nimeng'ang'ania sana hili la kurudi kupiga tena na naomba nieleze kwanini. Kwenye grupu letu tumetumiana picha muda mrefu na majibu ni yaleyale, "kali kaka", "noma", alama za moto na dole gumba, mtu anafurahi jioni ile alafu picha yake inayofuata inakuja na kasoro ileile, bahari imelala upande, mtu kakatwa miguu kwenye vifundo. Na upande wa pili wapo wanaotupa neno moja, "mbovu hii, mwanga huna", basi, wameondoka, na aliyetuma hatumi tena. Wote hao hawajamsaidia mwenzao. Mi naamini maoni yana kazi moja tu, mtu akirudi saiti, yani pale alipopigia, ajue afanye nini tofauti, asogee wapi, aje saa ngapi, ashushe kamera kiasi gani. Kama hajui, hatujamwambia kitu hata tukiongea mpaka magharibi.

Tulioanza ni Mzee mwenye studio, ambaye amesafisha picha kwenye chumba cha giza tangu enzi za filamu, kaka wa Ligula anayepiga picha za harusi (tunamwita kaka wa harusi), dada wa Tandahimba ambaye kwao wana mikorosho, mdogo wetu wa Shangani anayepiga kwa simu, mwalimu wa Newala, na mimi naratibu.

Juni, mwishoni, utaratibu

Kikao cha kwanza kilitufundisha kwamba kukusanyika peke yake haitoshi. Picha ya Mzee ilipowekwa mezani watu wote kimya. Utamwambia nini mtu aliyekufundisha kushika kamera? Vijana wakaishia "safi sana Mzee", yeye mwenyewe akacheka akasema mnaninyima.

Kwaiyo tumechukua utaratibu wa mwanamama mmoja wa Marekani, Liz Lerman, mtunzi wa ngoma za jukwaani, aliouanzisha mwaka 1990 kwa ajili ya wacheza ngoma na sasa unatumika kwenye sanaa nyingi tu. Una hatua nne. Kwanza watazamaji wanasema nini kimewagusa au kimewabakia kichwani. Pili mwenye kazi ndiye anayeuliza, anasema mi nina wasiwasi na mahali fulani, nyie mnaonaje. Tatu watazamaji wanamuuliza maswali yasiyobeba hukumu ndani yake. Nne ndo maoni, ila kwa ruhusa, unasema "nina maoni kuhusu mwanga, naomba nikupe?" na yeye ana haki ya kukataa.

Mtu wa huku akisoma hiyo hatua ya nne anaona ni adabu tuliyokulia nayo, huwezi kumwendea mtu mzima ukamwaga maneno bila kuomba. Ndo maana imetukaa vizuri. Kijana anasema "Mzee shikamoo, samahani naomba kuuliza", anauliza, anajibiwa, heshima ipo na picha imejadiliwa.

Hatua ya tatu ndo ngumu kuliko zote na tumeifanyia mazoezi sana. "Kwanini umemkata miguu?" hilo siyo swali, hiyo ni hukumu iliyowekewa alama ya kuuliza. Swali ni "hapa chini fremu uliamuaje iishie hapa?" Ukiuliza hivo mwenye picha anarudi kichwani kwake mpaka ile sekunde aliyobonyeza, na mara nyingi jibu analitoa mwenyewe, "aah pale nilikuwa nakwepa ndoo". Basi kumbe ndoo ndo tatizo, siku nyingine aihamishe ndoo.

Jambo la kiufundi kabla sijasahau: picha za kukosolewa zitumwe kama dokumenti, siyo kama picha ya kawaida, maana WhatsApp inazibana na kuzipunguza ukubwa, alafu mtu analalamikia ukungu ambao kwenye faili halisi haupo. Na mwanga wa kioo cha simu upandisheni kabla hamjasema picha ni giza.

Julai, salfa Tandahimba

Dada kaleta picha ya mjomba wake anapuliza salfa kwenye mikorosho. Kwa msiojua, miezi hii ndo ya kupambana na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu unaokausha maua na machipukizi, na kazi inafanyika asubuhi na mapema upepo ukiwa umetulia na umande bado upo ili unga ushike kwenye majani. Yani ni kazi yenye mwanga mzuri kuliko kazi zote za shamba ukiamka mapema.

Picha yenyewe: mkorosho mkubwa umejaa fremu nzima, mjomba yupo pembeni kushoto mdogo, mashine mgongoni, wingu la salfa limetoka jeupe-jeupe bapa kama ukuta uliopakwa chokaa, uso hauonekani kabisa chini ya kofia. Hatua ya kwanza watu walitaja mkono wake ulioshika bomba, unavyoonekana umezoea ile kazi. Kaka wa harusi akataja ukubwa wa mti. Alafu mwalimu akauliza swali ambalo kwangu ndo lilifungua kila kitu, "dada, hii picha ni ya mjomba au ni ya mkorosho?" Dada hakusita, ya mjomba, watu wanakula korosho hawajui asubuhi yake ilivyo.

Basi hapo tukajua pa kuanzia. Mzee akatoa vipande vyake viwili vya manila alivyokata umbo la L, akaviweka juu ya printi akaanza kuvisogeza taratibu, akabana kulia mpaka mti ukabaki matawi tu na mjomba akawa mkubwa. Tukaona wote kwa macho bila mtu kusema "kropu", yani kata kingo za picha. Nawashauri kila mtu akate vyake, havigharimu kitu.

Maoni kwa ruhusa yakawa mawili tu, na mi nasisitiza yawe machache maana mtu akipewa kumi hatabeba hata moja. La kwanza, vumbi, moshi na mvuke vinawaka pale jua likiwa nyuma yake na wewe umelikabili, ukilipa jua mgongo vinafifia, kwaiyo azunguke upande wa pili wa mti. La pili, akilikabili jua kamera itaona mwanga mwingi na kuifanya picha nzima giza, kwaiyo aongeze eksposha, yani mwanga unaoingia kwenye kamera, makusudi hata kama anga litaungua kidogo, litoke jeupe tupu, uso ndo muhimu.

Karudi kwenye mzunguko uliofuata wa salfa, kamera kaifunga mfuko wa plastiki kaacha lenzi tu nje, maana ule unga unaingia kila mahali. Picha ya pili nimeitazama muda mrefu. Vumbi limewaka la dhahabu limemzunguka, ye ni nusu mwili, na kitu ambacho kwenye ile ya kwanza hakikuwepo: kitambaa alichofunga puani na mdomoni, na macho yake yako wazi hayana kinga yoyote. Hatukuwa tumemwambia atafute hicho, kimekuja kwa sababu amesogea. Tukakaa kimya kidogo alafu dada akauliza yeye, je, mtu akiona hii ataona uzuri au ataona macho ya mjomba? Tumejadili mpaka giza. Mi msimamo wangu ni kwamba vyote viwili vinaingia na ndo nguvu yake. Kaka wa harusi anaona dhahabu imezidi inaficha ugumu wa kazi. Dada kaamua kuiacha ilivyo, picha ni yake.

Agosti, Mzee na Mikindani

Mzee kaleta ukuta wa nyumba ya zamani Mikindani na mlango wake wa kuchonga. Mnaijua Mikindani, mji mkongwe kuliko Mtwara yenyewe, boma la Wajerumani la 1895 liko pale, na Livingstone alianzia safari yake ya mwisho pale mwaka 1866. Ila Mzee anapenda kuta, siyo historia, anapenda yale mawe ya matumbawe yanavyochungulia plasta ikibanduka.

Shida ya picha, na aliisema mwenyewe kwenye hatua ya pili, ni kwamba ukuta umetoka bapa, mawe hayana mwili. Mdogo wetu wa Shangani, kwa adabu zote, "Mzee samahani, huu ukuta unatazama upande gani?" Unatazama kusini. Na hapo ndo tukakaa na jambo ambalo wapiga picha wengi wa huku hatulitilii maanani. Sisi tuko nyuzi kama kumi kusini mwa ikweta. Kuanzia baada ya Februari mpaka kuelekea mwisho wa Oktoba jua la mchana linapita kaskazini yetu, kwaiyo ukuta unaotazama kusini saa sita unakaa kivulini, na mwezi kama huu wa Agosti hata asubuhi na jioni haupati kitu. Karibu na tarehe 20 Oktoba jua linapita utosini kabisa, kisha linahamia kusini mpaka Februari. Maana yake Mzee angerudi kesho, keshokutwa, wiki ijayo, ukuta ungekuwa uleule bapa, na tungemwambia "tafuta mwanga mzuri" tungekuwa tumemsumbua bure.

Maoni aliyopewa ni ya kalenda: subiri Novemba. Mzee kaandika kwenye daftari lake.

Septemba, harusi

Hii ntaikalia kidogo maana ndo inayolisha wengi wetu.

Kaka kaleta bibi harusi chini ya turubai lililopambwa vitambaa vya zambarau na taa za LED. Gauni linang'aa limeungua jeupe halina hata mkunjo mmoja, na uso umetoka giza na una rangi ya zambarau. Swali lake kwetu lilikuwa la dhati kabisa: wateja wananiambia niwang'arishe kwenye kuediti, nikiwang'arisha wanakuwa wa kijivu, nikiacha wanasema nimewafanya weusi, nifanyeje?

Kwanza zambarau. Tukamuuliza flashi alielekeza wapi. Juu, kama tulivyofundishwa wote, igonge dari irudi laini. Sasa dari lenyewe ni kitambaa cha zambarau, mwanga umekwenda mweupe umerudi zambarau ukamwagika usoni kwake. Hakuna programu itakayolitoa hilo bila kuharibu rangi nyingine. Dawa ni mwamvuli mweupe, au msaidizi ashike ubao mweupe pembeni flashi igonge hapo.

Pili giza la uso. Kipima mwanga cha kamera hakijui harusi, kinachukulia kwamba kila kilicho mbele yake kikichanganywa ni kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu kinasema mwanga umezidi, kinapunguza, na uso unazama. Sasa kaka aliediti akavuta mwanga wa picha nzima, gauni likaungua. Maoni: pimia mwanga shavuni kwa ile pointi moja badala ya fremu nzima, piga RAW, yani faili ghafi la kamera lisilobanwa kama JPEG, ili gauni uweze kulirudisha, na uso uupe mwanga mpana unaotoka pembeni. Ngozi nyeusi inapendeza kwa jinsi mwanga unavyoteleza juu yake, kwenye paji la uso, kwenye mfupa wa shavu, mwanga wa kugonga mbele moja kwa moja unaua huo mteremko wote.

Mzee akaongeza jambo ambalo vijana hawakulijua. Enzi za filamu maabara zilikuwa zinalinganisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, ziliitwa kadi za Shirley, yani ukisafisha picha kwa kipimo chake yeye ndo anatoka vizuri na wengine wanatoka watakavyotoka. Kadi yenye wanawake wa rangi tofauti ilikuja miaka ya 1990. Kwaiyo mteja anayesema "umenifanya mweusi" huenda hachukii rangi yake, amechoka kuonekana kama kivuli. Mi ndo ninavyoamini, na ndo sababu nakataa tunapomkosoa kaka tumcheke bibi harusi. Tengeneza mwanga kwanza, mwonyeshe, alafu uone kama ataomba kung'arishwa.

Kaka karudia kwenye send-off iliyofuata, kwa mwamvuli. Mkunjo wa gauni upo, uso una joto lake, jasho dogo juu ya mdomo linaonekana na halikumpunguzia kitu. Anasema dada wa watu hakuomba filta.

Oktoba, Ferry na Newala

Hizi mbili fupi. Mdogo wetu kapiga wavuvi pale Ferry, kwenye kivuko, alfajiri, anga zuri, ila alisimama mbali akavuta kwa zumu ya simu, nyuso zimekuwa mapande-mapande. Zumu ya simu nyingi ni kukata picha na kuikuza tu, hakuna kinachosogea. Maoni yakawa asogee kwa miguu, ila asimkaribie mtu mpaka uso uwe pembezoni mwa fremu maana lenzi pana ya simu inauvuta, amweke kati. Na kabla ya kusogea asalimie. Amerudi, jua linachomoza huku kabla ya saa kumi na mbili mwezi huu kwaiyo alitoka kwao gizani, na sa hivi ana picha ya mzee anafumua nyavu akiwa anaongea naye, mdomo umefunguka katikati ya neno. Tofauti ya hizo jozi haihitaji maelezo.

Mwalimu kaleta Shimo la Mungu, lile bonde linaloshuka chini ya Newala mpaka Ruvuma na ng'ambo Msumbiji. Kila mtu aliyesimama pale anajua jinsi moyo unavyoshtuka, na kwenye picha unapata ubluu mtupu. Ni utusitusi wa kiangazi, moshi wa mashamba na vumbi hewani, na hamna kitu cha kupimia ukubwa. Tumemshauri aweke mtu ukingoni, awe mdogo, na asubiri asubuhi ya baada ya mvua hewa ikiwa imeoshwa. Mvua bado.

Novemba, ukuta umepata jua

Mzee alikwenda Mikindani asubuhi jua likiwa limeshahamia kusini, mwanga unakwangua ukuta kwa ubavu. Kila jiwe la matumbawe lina kivuli chake, unaona hadi vitundu, na misumari ya mlango imesimama. Ameshusha kamera usawa wa katikati ya mlango badala ya kuiinua, kwaiyo nguzo zimenyooka. Vijana walioogopa kumuuliza Juni ndo walioomba wamshikie printi.

Tumeingia pia kwenye mjadala wa ruhusa. Dada aliongea na mjomba, sawa. Mdogo wetu alikuwa na picha nyingine ya watoto wanaoga Msangamkuu, ng'ambo ya maji, nzuri mno kwa mwanga, na nimeomba isiende ukutani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila hata bila sheria, mzazi wa yule mtoto akipita barazani akamkuta mwanae pale hajaulizwa, tutamwambia nini? Maoni kuhusu picha ni pamoja na hilo, siyo fokasi na mwanga tu. Wengine wanaona nimekaza sana. Tumekubaliana mdogo wetu avuke awatafute wazazi, akipata ruhusa irudi mezani.

Tunachorekebisha: voisi za dakika tano zimezidi, mtu akosoe kwa maandishi, ataje sehemu ya picha, juu kulia, mkono wa kushoto, ili mwenye picha arudi asome akiwa saiti. Na hatua ya pili watu wanairuka, wanataka kupewa maoni bila kuuliza chochote. Hapana, ukileta picha njoo na swali lako.

Printi zinaanza kutoka wiki hii, za Mzee na dada zimeshakauka. Ya mwalimu inasubiri mvua, nafasi yake ukutani tumeiacha wazi. Wa Lindi na Kilwa mliouliza kama mnaweza kujiunga, ndiyo, leteni picha moja, kama dokumenti, na chini yake andikeni mlikuwa mnataka nini na mnahangaika na nini. Mahali pawe ni pale mnapoweza kurudi.